Ramani Iliyokunjwa Vibaya

Tumeibana kwa kopo la chumvi, kwa birika, kwa kiatu cha Swafia,
maana imekaa mkunjo mwaka mzima na imezoea;
tukiinyoosha inajirudi kama mtoto asiyetaka kuoga.
Uganda nzima mezani, Bombo, saa tatu usiku,
umeme umekatika, na tochi ya simu ya Fadimula
inatembea polepole kama askari wa zamu:
Luweero, Kafu, Karuma, Gulu, Kitgum,
inapinda, inapanda,
inasimama Kidepo.
"Hapa," anasema, na kidole chake cha grisi
kinaacha doa jeusi juu ya pundamilia wote.

Siku kumi na nne za Januari.
Bahasha moja, nimeihesabu mara mbili, mlango nimeufunga.
Na gari ndilo lile lile,
mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya mbuzi.

Swafia anataka theluji. Amesikia darasani
kwamba ipo, hapa hapa kwetu, juu ya Rwenzori,
na hamwamini mwalimu mpaka aishike.
Mwalimu ni mimi.

Abdunuru anataka Kayabwe, penye mstari wa Ikweta,
asimame mguu huku, mguu kule,
akojolee, anasema, nusu mbili za dunia kwa mpigo mmoja.
Baba yake anacheka mpaka tochi inayumba
na mwanga unaangukia ziwa Kyoga,
palipochanika, palipobandikwa gundi,
ambapo barabara zote huzama na hazijulikani zinaibukia wapi.

Mimi sijasema. Nikiulizwa nitasema popote.
Ila jicho langu liko chini kushoto, Bunyonyi:
visiwa kama punje alizomwaga mtu akikimbia mvua,
baridi ya kuvaa sweta mchana,
kitanda kilichotandikwa na mkono usio wangu,
na chai niliyoletewa.
Niliyoletewa. Nalirudia neno kimoyomoyo
kama anayelamba kijiko.

Kutoka Kidepo mpaka Bunyonyi ni shibiri moja na nusu.
Karatasi haina tumbo, haina pancha,
haiombi soda kila kituo.
Nikaigeuza shibiri kuwa mafuta, mafuta kuwa noti,
na bahasha ikakauka kabla hatujaiona Mbarara.

Basi tukaanza kukata. Theluji ilitangulia.
Swafia hakulia. Alichukua kiatu chake tu, akaenda kulala,
na kona ile, ilipokosa uzito, ikajikunja yenyewe,
ikaifunika Rwenzori
na Bunyonyi yangu nayo.

Hajati Khemisa muda wote alikuwa mkekani akisuka,
ukindu mwekundu, ukindu mweusi, bila kuhitaji taa.
"Arua iko wapi hapo?"
Mwanawe akamwonyesha. Akaigusa karatasi
kwa mgongo wa mkono, unavyogusa paji la mgonjwa.
"Mabasi yake hupita mlangoni kila usiku," akasema.
"Mwaka wa kumi na tisa nayasikia yakibadili gia pale kwenye tuta.
Zenabu amezikwa kule. Sijamsalimia."
Akarudi kwenye ukindu wake.
Hakuna aliyesema kitu kuhusu Kidepo.

Niliikunja gizani, nikaikosea,
pembe nne zikalaliana:
Arua juu ya simba, simba juu ya theluji,
na mahali fulani katikati chai yangu inapoa.
Nikaisukuma kwenye droo, pamoja na vipande vya mishumaa.

Ni Oktoba bado.
Lakini asubuhi, nyuma ya mlango, nimekuta mfuko:
gurbaba mbili zilizopigwa pasi, sabuni mpya,
simsim ya kukaanga ndani ya kopo la maziwa.
Na nje Fadimula amepiga magoti kwenye umande,
misumari mdomoni, kamba ya mbuzi shingoni,
anatia bawaba mlango wa kushoto.